Siku Diwani Pimbi Alipowapa Watu Mgongo

Zamani hizo, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu kwa bibi yake, wanyama walikuwa na mji. Sogeeni, kaeni vizuri, na wewe hapo nyuma acha kumfinya mwenzako. Mji huo uliitwa Vichuguuni, nao ulikuwa na njia, soko, chemchemi ya maji na baraza la madiwani.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Tembo. Sikumwona, lakini naambiwa akikaa, kikao kinakaa. Akisimama, kikao kimekwisha.

Diwani wa pili kwa ukubwa alikuwa Kiboko. Wa tatu alikuwa Fisi, ambaye pia ndiye alikuwa mtangazaji wa mji. Walikuwepo na wengine wakubwa wakubwa, na mmoja tu mdogo, Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mnyama wa mawe, mwili kama wa sungura, masikio mafupi, na huku nyuma hana mkia. Hana kabisa. Mgongo unateremka, unaisha, basi.

Bi Pimbi alikuwa na kazi moja aliyojipa mwenyewe. Kila siku ya gulio, soko likishajaa, alipanda jiwe lililokuwa katikati ya soko, akawaelekea watu, akaanza.

"Wakazi wenzangu, habari za baraza!"

"Lete, Mheshimiwa!"

"Njia ya kwenda mtoni itapanuliwa. Mwenyekiti amependekeza, Fisi amekubali kabla hajasikia ni njia gani."

"Haaa!"

"Kiboko amelala tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoamshwa akasema anaunga mkono."

"Anaunga mkono nini?"

"Hilo hata yeye hakulijua."

Watu walicheka, wakanunua viazi vyao, wakaenda nyumbani wakijua mji wao unaendeshwaje. Sisemi Bi Pimbi alikuwa malaika. Alipenda kusikilizwa, na kicheko cha soko kilimpendeza kuliko majani mabichi. Lakini alichokisema kilikuwa kweli, na wakubwa hawakukipenda hata kidogo.

Sasa, siku moja barazani, Kiboko hakulala. Hiyo peke yake ilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Mwenyekiti," akasema, "ngozi yangu inaniwasha. Jua ni kali. Mtoni kuna matope na kelele. Naomba ile chemchemi ya bondeni izungushiwe boma la miiba, iwe mahali pangu pa kuogea."

"Maombi mazuri," akasema Fisi.

"Na wakazi watakunywa wapi?" akauliza Bi Pimbi.

"Mtoni," akasema Kiboko.

"Mtoni kuna Mamba."

"Mamba ni jirani yangu. Ana adabu."

"Muulize Bi Digidigi kuhusu hiyo adabu," akasema Bi Pimbi. "Mwaka jana chemchemi ilipopungua alimpeleka mwanawe mtoni. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Sasa amejifungua tena, na mtoto huyu naye atataka maji."

Tembo akapunga masikio, akatazama pembeni. Aliona haya, lakini aliona haya kwa muda mfupi tu.

"Tupige kura," akasema. "Anayekubali ainue mkia."

Ndivyo kura zilivyopigwa Vichuguuni, kwa mkia. Tembo akainua wake. Kiboko akainua wake, ule mfupi. Fisi akainua. Wakubwa wengine wote, mikia juu.

"Anayepinga?"

Bi Pimbi akainua mguu.

"Mkia, Bi Pimbi! Kura ni mkia!"

"Sina mkia, Mwenyekiti, na mnajua."

"Basi hakuna aliyepinga. Limepita!"

Hapo inabidi mjue jambo moja. Uamuzi wa baraza la Vichuguuni ulikuwa hauwi sheria mpaka utangazwe na siku ya gulio ipite. Kabla jua la siku hiyo halijazama, mkazi asiyetaka alikuwa na haki ya kuinua mkia mbele ya mwenyekiti. Mikia ikiwa mingi, uamuzi umekufa. Kwa hiyo Bi Pimbi hakuhuzunika sana. Akajiambia, nitapanda jiwe langu, nitawaambia, watainua mikia, tumemaliza.

Lakini na Tembo alikuwa akifikiri hayohayo.

"Jambo la pili," akasema. "Kuanzia leo, diwani yeyote atakayetoa nje neno lililosemwa humu ndani, kwa mdomo, kwa kichwa au kwa mkono, atavuliwa udiwani siku hiyohiyo na kufukuzwa mjini. Anayekubali?"

Mikia juu.

"Diwani yeyote?" akauliza Bi Pimbi.

"Yeyote!" Tembo akapiga mguu chini. Tu! "Hata mimi. Ingawa mimi sijawahi kuropoka."

"Na tangazo? Mila inasema uamuzi utangazwe."

"Utatangazwa," akasema Fisi, akicheka kile kicheko chake.

Kweli akautangaza. Alikwenda mchana kweupe hadi kwenye kichuguu cha mbali, kule kusikopita mtu, akainamisha mdomo kwenye tundu, akanong'ona: "Tangazo, tangazo. Chemchemi imekuwa ya Kiboko. Asiyetaka aseme." Akasubiri kidogo. Mchwa hawakusema kitu. Akarudi.

"Umetangaza?" akauliza Tembo.

"Nimetangaza."

"Kwa nani?"

"Mila inasema litangazwe, Mwenyekiti. Haisemi kwa nani."

Wakacheka wote wawili, he he he.

Bi Pimbi alirudi nyumbani kwake majabalini na hakula. Kwa mara ya kwanza alikuwa na habari ambayo haikumpa hamu ya kusema, ila hofu tupu. Akisema, anafukuzwa mjini, na mjini ndipo alipozaliwa. Asiposema, Bi Digidigi, shoga yake, atateremka mtoni na mtoto mgongoni. Akakaa akawaza. Akawawaza wakubwa, kisha akawawaza majirani zake mmoja mmoja, tabia zao, maneno yao, nani anaogopa nini. Aliwajua wote tangu utotoni. Baadaye akachana kamba ya mgomba, akala chakula chake, akalala.

Siku ya gulio ikafika. Soko likajaa. Ngedere alikuwa amepanga ndizi zake, mkia wake mrefu ameuzungusha begani kama skafu. Msimshangae. Ule mkia aliuchana asubuhi na jioni, na akiongea na mtu, macho yake yako kwenye mkia.

Bi Pimbi akaja. Akapanda jiwe lake. Akakaa.

"Haya, Mheshimiwa!" akaita Ngedere. "Tumekuja. Lete habari!"

Kimya.

"Habari za baraza, Mheshimiwa!"

Kimya. Tena Bi Pimbi hakuwaelekea watu kama siku zote. Alikuwa amewapa mgongo.

"Amekasirika?"

"Amekasirishwa na nani?"

Bi Digidigi akamwacha mtoto wake kivulini, akazunguka jiwe, akamtazama usoni. Akaruka. "Jamani! Shoga yangu amefungwa mdomo! Amefungwa kamba!"

"Nani kamfunga?"

"Simjui. Shoga, nani kakufunga?"

Bi Pimbi hakutikisa kichwa. Hakuinua mkono. Hakupepesa hata jicho.

"Mtu hafungwi mdomo bure," akasema Ngedere, akishuka kwenye meza yake ya ndizi. "Kuna neno humo. Kubwa. Tena anataka kutuambia, maskini, anashindwa. Tazameni alivyokaa. Anatuonyesha nini?"

"Mgongo," wakajibu.

"Na mgongo unaishia wapi?"

"Unaishia pale."

"Pale pana nini?"

Wakatazama wote, wakanyoosha shingo.

"Hapana kitu."

"Hapana kitu!" Ngedere akashika kichwa. "Hapana mkia! Jamani, wanatukata mikia!"

"Uuuuwi!"

"Ngoja kwanza," akasema Kobe, aliyekuwa akinunua mchicha. "Huyu Bi Pimbi hajawahi kuwa na mkia."

"Wewe Kobe nyamaza! Una mkia gani wa kukuuma wewe?"

"Nasema tu kwamba hata gulio lililopita hakuwa nao."

"Gulio lililopita alituonyesha uso! Leo anatuonyesha pale! Kwa nini leo?"

Kobe akarudi kwenye mchicha wake. Soko likalipuka. Kindi akajifungia kwenye gunia na mkia wake. Punda aliketi juu ya wa kwake, akakataa kuinuka. "Wanakata mikia ili tusipinge tena!" mmoja akasema, na hilo likaonekana lina akili, likapita kila mahali, pwaa, upesi kuliko moto wa nyasi.

Fisi alikuwa anapita kando ya soko. Akasikia. Akakimbia mpaka kwa Tembo, ulimi nje.

"Mwenyekiti! Mji umechafuka! Wanasema baraza limepitisha kukata mikia!"

"Nani kawaambia?"

"Pimbi!"

"Kasema nini?"

"Hajasema kitu."

"Fisi. Kasema au hajasema?"

"Hajasema, Mwenyekiti. Ila wamesikia."

Tembo akaguna. Akamwita Kiboko, wakateremka sokoni, tu! tu! tu! mpaka viazi vikaviringika kutoka mezani. Walipoonekana tu, kila mmoja akaushika mkia wake kwa mikono miwili.

"Wakazi!" akanguruma Tembo. "Upuuzi gani huu? Hakuna mkia utakaokatwa!"

"Kwa hiyo mlizungumza habari za mikia!" akasema Ngedere.

"Hatukuzungumza!"

"Sasa umejuaje tunaogopa mikia?"

"Fisi kaniambia!"

"Aha! Fisi naye anajua!"

Tembo akavuta pumzi. Alikuwa mkubwa, mwenye nguvu, na hakuna aliyewahi kumfundisha kujibu swali. Akamgeukia Bi Pimbi. "Bi Pimbi, mwanangu. Waambie hawa kwamba si mikia."

Bi Pimbi akatazama mbele.

"Waambie!"

Kimya.

Tembo akainama, akashusha sauti. "Basi tikisa kichwa tu. Kidogo."

Bi Pimbi hakutikisa. Hakukiuka amri hata kwa unywele.

"Mmeona?" akasema Ngedere. "Mwenyekiti anambembeleza adanganye, na mwenzetu hataki. Ana moyo huyu!"

"Usikate mikia yetu!" kundi likapaza sauti. "Mikia! Mikia! Mikia!"

Kiboko alikuwa amesimama juani muda wote huo. Ngozi ilikuwa inamwasha, watu wanampigia kelele, na kosa analolaumiwa si lake. Mtu mkubwa akisingiziwa huwa hajui kukaa kimya, hasa akiwa na kosa jingine. Akapasuka.

"Mikia yenu niifanyie nini mimi? Nitaoga na mikia? Mimi niliomba maji tu!"

Hata nzi walisikika kwenye ndizi.

"Maji gani?" akauliza Bi Digidigi.

"Bwana Kiboko ana maana ya maji kwa ujumla," akasema Tembo haraka. "Ni jambo dogo. Ni boma tu."

"Boma wapi, Mwenyekiti?"

"Bondeni."

"Bondeni kwenye chemchemi?"

"Pembeni yake."

"Pembeni gani?" akadakia Kiboko. "Ni kuizunguka! Tusidhulumiane, Mwenyekiti. Mlinipa yote, mkainua mikia, na likatangazwa kihalali!"

"Lilitangazwa wapi?" wakauliza watu kwa pamoja.

Kiboko akamtazama Fisi. Tembo akamtazama Fisi. Fisi akatazama miguu yake.

"Kwenye kichuguu," akasema.

"Nani walikuwepo?"

"Mchwa."

Hakuna aliyecheka. Mnaweza kucheka ninyi, wao hawakuweza. Bi Digidigi alikuwa amekwenda kivulini kumchukua mtoto wake, akarudi naye, akasimama mbele ya Tembo. Kichwa chake kilifika pale linapoanzia goti la mwenyekiti.

"Na sisi tutakunywa wapi?"

Tembo akageuzia macho bondeni.

"Nakuuliza, baba. Tutakunywa wapi?"

"Mtoni," akasema Tembo, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Mtoni nilimwacha mmoja," akasema Bi Digidigi. "Huyu simpeleki."

Akageuka, akampa Tembo mgongo, akainua mkia. Mkia wa digidigi ni kitu kidogo kama ncha ya kidole. Ulitetemeka, lakini ulisimama.

Ngedere akautazama. Akautazama wa kwake. Kisha akauachia kutoka begani, akaunyoosha juu, mrefu, mweusi, watu wa mwisho kabisa sokoni wakauona. Punda akainuka. Kindi akatoka kwenye gunia akapandisha wake. Mkia mmoja, miwili, kumi, soko zima likawa limempa Tembo mgongo, mikia juu, ya manyoya, ya mifupa, iliyonyooka na iliyopinda. Hata Kobe alijitahidi, akazunguka polepole mpaka akafika upande unaotakiwa, na hapo nyuma pakachomoza kijiti.

Jua lilikuwa bado juu ya miti.

"Haya," akasema Tembo. "Haya, nimeona. Chemchemi ni ya wote. Uamuzi umekufa. Shusheni."

Hawakushusha mpaka aliposema mara ya pili.

Kiboko akapiga chafya ya hasira, akaondoka zake kuelekea mtoni kwenye matope yake. Alikuwa hajafika mbali, Fisi akajikuna sikio, akauliza. Sijui kwa nini aliuliza. Nadhani alishaona upepo unavuma upande gani, na kile kiti cha mwenyekiti alikuwa amekitamani siku nyingi.

"Mwenyekiti, na ile amri nyingine? Ile ya kwamba diwani yeyote atakayetoa nje neno la barazani avuliwe udiwani na kufukuzwa mjini?"

Watu wakageuka.

"Maana aliyetoa neno la maji ni Bwana Kiboko," akaendelea Fisi taratibu, "na aliyetoa neno la boma…"

Kiboko alisimama hukohuko njiani. Tembo akakunja mkonga. Akaukunjua.

"Amri gani?" akasema.

"Ile, Mwenyekiti. Tuliinua mikia."

"Hakuna amri kama hiyo."

"Haijawahi kuwepo!" akapiga kelele Kiboko kutoka mbali. "Mimi nilikuwa macho siku hiyo, sikuisikia!"

"Fisi unaota," akasema Tembo. "Vichuguuni diwani ana ruhusa ya kusema lolote lililosemwa barazani, popote, kwa yeyote. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mmesikia wote?"

"Tumesikia!" wakajibu watu.

Basi juu ya jiwe Bi Pimbi akainua mikono yake midogo, akafungua fundo kisogoni, kamba ya mgomba ikaanguka. Hakuna aliyekuwa amemfunga ila yeye mwenyewe. Akajinyoosha taya, mara ya kwanza, mara ya pili. Akageuka, akawaelekea watu.

"Shoga, ulitutia hofu," akasema Bi Digidigi. Hakuwa anatabasamu. "Mimi moyo ulikaribia kunitoka."

"Najua," akasema Bi Pimbi. "Nisamehe. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa, ndiyo maana nikawapa mgongo."

"Na mikia yetu?" akauliza Ngedere, ambaye alikuwa tayari ameurudisha wake begani. "Salama kabisa? Hakuna hata mazungumzo?"

"Salama, Ngedere. Nenda ukauze ndizi."

"Nitauza baadaye. Kwanza tuambie."

Bi Pimbi akamtazama Tembo. Tembo alikuwa anatafuta njia ya kupita, lakini watu walikuwa wamesimama pande zote, na mwenyekiti hawezi kuwakanyaga wakazi wake siku ya gulio, mchana kweupe.

"Wakazi wenzangu," akaanza Bi Pimbi, "habari za baraza!"

"Lete, Mheshimiwa!"

Akaleta. Akaanza na neno la kwanza la Kiboko, akasema nani aliinua mkia na nani alitazama pembeni alipotajiwa mtoto aliyekufa. Hakuongeza chumvi, wala hakuchekesha. Tembo alisimama pale akasikiliza yote, neno kwa neno, mbele ya watu aliokuwa amewaficha mambo hayo.

Hadithi yangu inaishia hapo sokoni, anayetaka kujua bei ya ndizi akamuulize Ngedere. Ninyi shikeni hili moja: anayewaficha watu mambo yao wenyewe, siku itafika atayatoa kwa mdomo wake, tena kwa sauti kubwa.